CHINI YA MAJI YA SAMAKI: MCHANGA, MATUMBAWE, SARUJI NA TOPE

Somo kwa vyama wanachama

Madhumuni ya somo

Vyama vya msingi vya pwani vinavyofikiria kufuga samaki huanza kwa kuulizana maswali matatu: vifaranga watapatikana wapi, chakula kitagharimu kiasi gani, na samaki watauzwa kwa nani. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini lipo swali la nne ambalo aghalabu husahauliwa mpaka siku samaki wanapoelea matumbo juu, nalo ni hili: chini ya maji hayo kuna nini?

Somo hili linaeleza jinsi kitu kilichotandazwa chini ya birika, tangi la kioo au bwawa kinavyoyageuza maji yaliyo juu yake. Limetungwa kwa kuiangalia Kengeja, katika Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, kwa kuwa kusini mwa kisiwa hicho vifaa vyote vinavyozungumzwa hapa vimo karibu: jiwe la matumbawe, mchanga mweupe wa pwani, udongo wa mfinyanzi, tope jeusi la mikoko, na saruji ya dukani. Chama chenye vitu vyote hivyo mbele yake kina hiari ya kuchagua, na mwenye hiari ya kuchagua hapana budi ajue anachokichagua.

1. Chini ya maji ni sehemu ya maji

Maji yakitiwa katika mtungi uliozoeleka, mtungi huyahifadhi tu. Birika la samaki haliko hivyo. Chini yake hufanyika kazi tatu usiku na mchana.

Kazi ya kwanza ni kuyeyuka. Mawe na mchanga wa aina fulani hutoa chumvichumvi na chokaa yake polepole, na maji huzipokea. Mawe mengine hayatoi kitu, hata yakikaa majini miaka.

Kazi ya pili ni kuwapa makao bakteria. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na katika kinyesi chake, na chakula kisicholiwa hutoa amonia kinapooza. Amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao hawaishi kwa wingi katika maji yanayoelea. Hushika juu ya vitu, yaani juu ya punje za mchanga, changarawe na kuta. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga na kueleza kazi yao mnamo mwaka 1890.

Kazi ya tatu ni kuhifadhi uchafu. Kila kinachokufa au kutupwa majini hatimaye hulala chini. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, alitoa taarifa ya jaribio lake la kuweka samaki na majani ya maji katika chombo kimoja bila kubadilisha maji mara kwa mara. Alidhani majani yangetosha kuwapa samaki hewa. Lakini majani yaliyokufa yalioza na maji yakaanza kuharibika. Alipotia konokono wa maji, wakayala majani hayo, maji yakasafika. Ufugaji wa samaki katika vioo majumbani ulienea baada ya majaribio ya namna hiyo, na somo lake la kwanza lilikuwa juu ya kinachooza chini.

2. Kipimo cha uchachu

Uchachu wa maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini ya 7 maji ni machachu, kama siki au maji ya ndimu. Juu ya 7 maji huelekea upande wa chokaa na magadi. Maji ya bahari kwa kawaida ni kama 8.1. Maji ya mvua safi ni machachu kidogo, na karibu hayana chokaa yoyote ndani yake. Samaki wengi wa kufugwa huishi vizuri baina ya 6.5 na 8.5.

Mambo mawili yakumbukwe, kwani ndiyo shina la somo zima.

Jambo la kwanza: bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitrati huyatia maji uchachu. Kila gramu 1 ya nitrojeni inayogeuzwa hula takriban gramu 7 za chokaa iliyomo majini. Maji yenye chokaa hustahimili. Maji ya mvua, yasiyokuwa na akiba hiyo, huzidi kuwa machachu wiki baada ya wiki, mpaka bakteria wenyewe wanadhoofika na amonia inaanza kurundikana.

Jambo la pili: amonia haina ukali uleule katika maji yote. Katika maji matamu yenye joto la nyuzi 28, pH ikiwa 7, chini ya sehemu 1 katika kila 100 ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8, ni kama sehemu 6 au 7 katika 100. pH ikifika 9, ni sehemu 40 hivi katika 100.

Kwa hiyo chokaa ni rafiki na ni hatari pia. Huyazuia maji yasiwe machachu, lakini humwongezea adhabu yule anayeuachia uchafu ujae. Chama kinachojenga juu ya matumbawe lazima kiyajue yote mawili.

3. Vitu vinavyotandazwa, kimoja kimoja

(a) Matumbawe na mchanga mweupe wa pwani. Vyote hivi asili yake ni viumbe vya baharini, na sehemu yao kubwa ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa isiyochomwa. Katika birika la maji ya bahari havileti taabu, kwa kuwa maji hayo yamezoeana navyo. Katika maji matamu huongeza ugumu wa maji na kuisukuma pH kuelekea 8. Perege hustahimili hali hiyo vizuri. Samaki wa pambo wanaotoka Ziwa Tanganyika huihitaji hasa, kwani maji ya ziwa hilo ni magumu na pH yake ni kati ya 8.6 na 9 au zaidi kidogo. Wafugaji wa nchi za mbali wanaonunua samaki hao hutandaza mchanga wa matumbawe makusudi ili kuwapa maji yanayofanana na ya kwao. Lakini samaki waliozoea maji laini na machachu, kama wengi wa mito ya misitu ya Amerika ya Kusini, hudhoofika juu ya mchanga huo.

Mchanga wa pwani una chumvi. Ukitakiwa kwa maji matamu, uoshwe kwa maji matamu mara nyingi mpaka maji ya kuoshea yasiwe na ladha ya chumvi. Tena isisahauliwe kwamba mchanga ni mali inayokwisha. Zanzibar uchimbaji wake una utaratibu wa vibali, na chama kipitie kwa sheha na ofisi zinazohusika kabla ya kujaza gari. Jiwe la matumbawe litafutwe katika vifusi vya nchi kavu. Tumbawe hai la baharini lisivunjwe, maana hilo ni nyumba ya samaki ambao wavuvi wa kijiji wanawategemea.

(b) Changarawe na mchanga wa mawe magumu yasiyo na chokaa. Hivi havibadilishi maji. Vinawafaa bakteria na havipandishi pH. Kasoro yake ni kwamba havina akiba ya chokaa. Mfugaji anayetumia maji ya mvua juu ya changarawe za namna hii apime uchachu kila wiki, na aweke mfuko mdogo wa vipande vya matumbawe vilivyooshwa majini pale pH inapoanza kushuka. Mfuko huondolewa kwa urahisi pH ikishapanda vya kutosha. Mchanga wa matumbawe uliotandazwa chini yote hauondoki ila kwa kulimwaga birika zima.

(c) Saruji. Birika jipya la saruji ni hatari kuliko linavyoonekana. Saruji mbichi hutoa chokaa kali, na maji yaliyo ndani yake yaweza kufikia pH 11 au 12. Samaki hawezi kuishi humo. Birika lijazwe maji, liachwe siku kadhaa, limwagwe, lisuguliwe, kisha lijazwe tena, na kazi hiyo irudiwe kwa muda wa wiki tatu au zaidi, mpaka maji yaliyokaa humo siku tatu yabaki chini ya pH 8.5. Haraka hapa haina baraka. Vifaranga walionunuliwa kwa hisa za wanachama hawawezi kurudishwa dukani.

(d) Udongo wa mfinyanzi. Huu ndio sakafu ya mabwawa mengi ya kuchimba, kwa kuwa hushika maji. Hushika pia mbolea na kuiachia kidogo kidogo, na hivyo hukuza mimea midogo ya kijani. Samaki aitwaye mwatiko hufaidika sana na sakafu ya namna hii, kwani hula utando wa mimea na vijidudu unaoota chini ya bwawa lenye maji haba. Kwa mwatiko, chini ya bwawa ni konde. Udongo huo haufai katika tangi la kioo, kwa kuwa kila samaki akipapatika maji huwa kama uji.

(e) Tope la mikoko. Hapa ndipo vyama vinapoweza kupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Pemba ina mikoko mingi katika hori zake, na ardhi iliyo nyuma ya mikoko huonekana kama imetengenezwa kwa mabwawa: ni tambarare, hushika maji, na bahari i jirani. Lakini tope jeusi la mikoko mara nyingi lina madini ya chuma na kibiriti. Maadamu limefunikwa na maji, madini hayo hutulia. Likichimbwa na kukauka, hewa huyafikia, nayo hugeuka kuwa asidi ya salfuriki. pH ya udongo yaweza kushuka chini ya 4. Mvua ya kwanza huiosha asidi hiyo kutoka katika matuta hadi bwawani, na samaki hufa kwa usiku mmoja, huku maji yakiwa maangavu na mazuri kwa macho. Mabwawa mengi ya Asia ya Kusini-Mashariki yaliyochimbwa katika mikoko yalipatwa na msiba huo.

Tena mikoko yenyewe inalindwa. Sheria ya Zanzibar ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, inaiweka mikoko chini ya ulinzi wa serikali, na kuikata bila idhini ni kosa. Chama kinachofyeka mikoko ili kufuga samaki huharibu malezi ya samaki wa bure ili kupata samaki wa kununuliwa chakula.

(f) Sakafu tupu au turubali la plastiki. Birika lisilo na kitu chini ni rahisi kufagia, na uchafu huonekana. Hili ndilo linalofaa kwa kulelea vifaranga wengi. Lakini bakteria hubakiwa na kuta tu, na mara nyingi hazitoshi. Basi lazima pawe na chombo cha kando chenye changarawe au vipande vya matumbawe ambamo maji hupitishwa, au maji yabadilishwe mara kwa mara.

4. Hesabu ya kilo moja ya chakula

Tuchukue birika lenye urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2 na kina cha mita 1. Linachukua lita 5,000. Mfugaji ametia, kwa siku kadhaa, kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30. Protini hiyo ni gramu 300, na nitrojeni iliyomo ni kama gramu 48. Samaki hujenga mwili kwa takriban robo yake, yaani gramu 12. Gramu 36 zinabaki majini na chini ya maji.

Kama hapana bakteria wa kuzigeuza wala maji hayabadilishwi, kila lita itakuwa na miligramu 7.2 za nitrojeni ya amonia. Kwa pH 7, sehemu iliyo sumu kali ni kama miligramu 0.05 kwa lita. Kwa pH 8 ni karibu miligramu 0.5. Kwa pH 9 ni karibu miligramu 3. Kwa samaki wengi, sehemu ya kumi ya miligramu 1 ikikaa siku nyingi inatosha kuwadhoofisha.

Chakula ni kilekile, samaki ni walewale, na birika ni lilelile. Kilichotofautiana ni pH, na pH hutokana kwa sehemu kubwa na kilicho chini. Bakteria wakiwepo wa kutosha, gramu hizo 36 zitageuzwa, na zitakula kama gramu 250 za chokaa. Mchanga wa matumbawe waweza kuilipa gharama hiyo pasipo mfugaji kujua. Changarawe tupu haziwezi.

5. Kupima bila maabara

Jaribio la siki. Tia kijiko cha mchanga mkavu katika kikombe, kisha mimina siki juu yake. Mchanga ukitoa mapovu una chokaa. Usipotoa mapovu, ni wa mawe yasiyobadilisha maji.

Jaribio la chupa mbili. Jaza maji ya mvua katika chupa mbili safi. Tia mchanga kiasi cha robo katika moja, na nyingine usiitie kitu. Baada ya siku 7 pima pH ya zote mbili kwa karatasi za kupimia. Tofauti utakayoiona ndiyo kazi ya mchanga huo. Skuli yenye somo la kemia yaweza kukisaidia chama kwa kazi hii, nao wanafunzi watafaidika.

Jaribio la tope. Chukua tope kutoka kina kitakachochimbwa, si la juu tu. Lipime pH likiwa bichi. Kisha tandaza jingine jembamba kivulini, lilowane kidogo na kukauka kwa wiki nne hadi nane, halafu lipime tena. Likishuka chini ya 4, mahali hapo paachwe. Alama nyingine za hatari ni mabaka ya manjano hafifu katika udongo uliokauka, na maji ya mfereji yenye rangi ya kutu. Kupima kwa miezi miwili ni bei nafuu kuliko kuchimba kwa miaka miwili.

6. Utunzaji

Mchanga usizidi kina cha sentimita 3 hadi 5. Kwa birika la hesabu yetu, sentimita 3 ni lita 150, yaani ndoo saba au nane za lita 20. Ukiwa mnene kupita hapo, hewa haifiki chini, mchanga huwa mweusi, na hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ni sumu kali kwa samaki, na hutokea upesi zaidi katika maji ya bahari, ambayo kwa asili yana kibiriti kingi. Mchanga ukishanuka hivyo usivurugwe samaki wakiwamo. Samaki wahamishwe kwanza.

Birika jipya lisijazwe samaki siku ya kwanza. Bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kuenea. Watiwe samaki wachache, chakula kiwe kidogo, na kiongezwe polepole. Wakati wa kusafisha, mchanga wote usioshwe kwa pamoja, wala usioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, maana bakteria watakufa na kazi itaanza upya.

Bwawa la udongo wa kawaida likaushwe baada ya kila mavuno mpaka lipasuke nyufa, ili hewa iunguze uchafu. Lakini bwawa lililokwisha kuchimbwa katika tope lenye asidi lisikaushwe hivyo; lijazwe na kumwagwa mara nyingi, na matuta yake yatiwe matumbawe yaliyosagwa. Chokaa ya tanuri nayo hutibu asidi, lakini ni kali: itiwe tu bwawani pasipokuwa na samaki, na mtiaji ajikinge macho na mikono.

Viumbe navyo husaidia. Huko Makoba, Unguja, katika miaka ya 1990, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilijaribu kupitisha maji ya mabwawa ya samaki kwa kome na mwani ili vichukue mabaki ya chakula na mbolea. Jongoo wa pwani naye hula uozo uliomo mchangani. Lakini kiumbe msaidizi hawezi kuufuta ulafi wa anayelisha kupita kiasi.

7. Uamuzi ni wa chama

Hakuna sakafu iliyo bora kwa samaki wote. Kwa vyama vya upande wa Kengeja, matumbawe ni ya karibu na huyalinda maji yasichachuke. Anayeyatumia alishe kwa kipimo na aondoe uchafu mapema. Saruji inataka subira. Tope la mikoko linataka kupimwa, na mara nyingi linataka kuachwa. Halmashauri ya chama isiidhinishe fedha za kujenga kabla ya kuletewa matokeo ya majaribio yaliyotajwa katika sehemu ya 5, yakiwa yameandikwa katika kumbukumbu za mkutano, ili kila mwenye hisa ajue fedha yake inalazwa juu ya nini.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Maji ambayo chama chetu kitatumia ni ya bahari, ya kisima, ya bomba au ya mvua? pH yake ni ngapi?
2. Mchanga ulio karibu nasi ukitiwa siki hutoa mapovu? Jibu hilo lina maana gani kwa samaki tunaowataka?
3. Kwa nini kilo 1 ya chakula cha ziada ina hatari kubwa zaidi katika birika la pH 9 kuliko la pH 7?
4. Ikiwa mahali palipopendekezwa ni nyuma ya mikoko, nani atachukua tope na kulipima, na atatoa taarifa lini?
5. Birika la saruji likikamilika leo, vifaranga wanunuliwe tarehe gani?